Paipu ya Choo na Maziwa ya Ngamia

Vijana wa karakana mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Naandika nikiwa nimekaa kitandani, na kitanda chenyewe kimeinama upande wa dirisha. Sababu mtaijua mbele. Habari za vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua kwa sababu ndiyo hiyo hiyo mnayopewa.

Siku ya kwanza nilifika ofisi ya maji hapa Isiolo nimevaa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa. Niliambiwa nimtafute fundi mkuu, Mzee Wario. Nikamkuta nyuma ya soko, ndani ya shimo, maji yamemfika kifuani, mikono yote miwili imeshika paipu inayovuja. Mafundi walikuwa wamemzunguka juu. "Elbo!" akapaza sauti, mtu akampa kitu. "Tii!" akapewa kingine. Kisha akasema, "Nipo!" Mafundi wakapekua mkebe. Akarudia kwa hasira, "Nipo!"

Mimi nikaona ni adabu kujibu. Nikasogea ukingoni nikasema, "Hata mimi nipo, mzee."

Mafundi waliangusha spana wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilikuwa sijui kwamba nipo ni kile kipande kifupi chenye meno ya skrubu kila upande, kinachounganisha paipu mbili. Nilidhani mzee anatuarifu kwamba yumo shimoni, jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona. Yeye peke yake hakucheka. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka shati.

"Uko wapi wewe?"

"Nipo hapa, mzee."

"Sasa Nipo, ingia shimo ushike hapa. Mimi nimechoka."

Nikaingia na shati langu. Tangu siku hiyo jina la Mutethia lilibaki kwenye karatasi za ofisi tu. Mji mzima ulinijua kwa Nipo, na watu wakizoea jina la namna hiyo, mazungumzo ya mlangoni yanakuwa ya ajabu. "Nipo yuko?" "Nipo hayuko, ameenda Kipsing." Wageni walikuwa wakisikia hivyo wanaondoka polepole bila kuaga.

Mzee Wario alikuwa Mborana mrefu, mkavu, asiyejua kutupa kipande cha paipu. Kazi yote niliyoijua ilitoka mikononi mwake. Alinifunza kukata kwa msumeno wa chuma huku ukiizungusha paipu ili mdomo usiende upogo, kusugua makali kwa msasa, na kuijaza mchanga mkavu kabla ya kuipasha moto ili ukiikunja isibonyee. Zaidi ya yote alinifunza gundi. Kila maungio lazima yapakwe gundi, na lazima uiname uinuse. "Kama hujasikia harufu, kazi haijaisha," alikuwa akituambia. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo kiasi kwamba siku moja nilimwona akitaka kupaka gundi kifuniko cha chupa ya chai.

Halafu ukaja ule mradi wa maji taka. Mitaro ilichimbwa mtaa kwa mtaa, malori yakashusha paipu za kahawia uani kwetu, kisha mradi ukasimama na hakuna aliyetuambia kwa nini. Mitaro ikabaki wazi. Paipu zikabaki zikiota jua. Kwa msiojua, paipu ya kahawia ni ya choo. Hizi zetu hazikuwahi kupitisha kitu chochote isipokuwa mijusi, lakini rangi ni rangi, na hata mtoto mdogo wa Isiolo akiiona anaziba pua.

Ofisi iliruhusu tuchukue zile zilizovunjika wakati wa kushushwa, na hapo ndipo Mzee Wario alipopata wazimu wake. Alitengeneza rafu za viatu za msikitini. Alitengeneza magoli ya mpira ambayo upepo ukivuma yalihama yenyewe, na kuna timu moja ilidai imefungwa na goli lililoifuata. Alitengeneza kiti cha wageni cha ofisini. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alikikalia mchana wa jua kali, miguu ya kiti ikaanza kulainika na kutanuka, naye akaendelea kutuhutubia huku akishuka. Mwishowe tulikuwa tunaona kipara tu juu ya meza. Hakuna aliyemkatiza, kwa sababu alikuwa mkubwa.

Nilipooa, alinitengenezea kitanda. Miguu minne minene ya kahawia, kila mmoja na tundu ubavuni ambalo alilitoboa kwa ajili ya kupitisha kamba. Karimi, mke wangu, alizunguka kile kitanda mara kadhaa.

"Mutethia," akasema hatimaye, "tutakuwa tunalala kwa choo?"

"Ni paipu mpya. Haijapitisha kitu."

"Na wageni utawaambia hivyo mmoja mmoja?"

Tabu kubwa haikuwa rangi. Mnaujua upepo wa hapa kwetu, ule wa mchana unaobeba vumbi na mifuko. Ukiingia dirishani ulipita kwenye yale matundu na kitanda kikaanza kupiga mluzi, sauti nene, ya huzuni. Mara ya kwanza ilitokea akina mama wa kanisa wakiwa sebuleni kwetu wanaomba. Karimi aliniambia kwamba walinyamaza, wakasikiliza, kisha kiongozi wao akasimama akakikemea chumba cha kulala kwa nguvu zote. Upepo ukatulia. Wakashangilia. Mpaka leo mke wangu hajawaambia ukweli, na mimi nimekatazwa.

Mzee Wario alikuja na vifuniko akaziba miguu mitatu. Kufikia wa nne, vifuniko vilikwisha. Tukausogeza mguu huo ukutani chini ya dirisha, ambako upepo ulipita juu yake, na ukawa unalia kwa unyonge tu. Tukauzoea.

Sasa niwaambie kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kuifanya, na haikuwa na tone la maji ndani yake.

Mama Talaso ni mjane anayeishi ukingoni mwa mji, upande wa njia ya Leparua. Wakati huo alikuwa na ngamia mmoja tu wa maziwa. Wengine waliisha na ukame. Maziwa ya huyo mmoja ndiyo yaliyolisha nyumba yake na kumsomesha binti yake, Talaso. Na ngamia, kwa wale mliokulia Meru kama mimi, si ng'ombe. Haachilii maziwa mpaka mtoto wake asimame ubavuni, amnuse, anyonye kidogo. Mtoto akifa, maziwa yanakauka. Basi asubuhi moja ndama wa huyo ngamia alianguka ndani ya ule mtaro wetu wa maji taka akavunjika mguu wa mbele.

Tulipofika, mchinjaji alikuwa ameshasimama pale ananoa kisu. Hakuwa mtu mbaya, aliitwa na majirani. Mama Talaso alikuwa amekaa mtaroni, kichwa cha ndama kimelala mapajani mwake.

"Salaam aleikum, Mama Talaso," akasema Mzee Wario.

"Aleikum salaam. Wario, hii shimo ni ya nyinyi. Nyinyi watu ya maji. Sasa hii mtoto akichinjwa, mama yake atanipea nini? Nitakamua hii paipu yenu?"

Mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, ingawa mtaro hatukuuchimba sisi. Daktari wa mifugo alikuwepo, Daktari Nkatha, binti hodari asiyependa maneno mengi. Aliupapasa ule mguu akasema mfupa umevunjika mahali pazuri, unaweza kushika kama utafungwa gango gumu na ndama asiukanyagie. Lakini gango la kumtosha ndama wa ngamia hakuwa nalo.

"Gumu kama nini?" akauliza Mzee Wario.

Daktari akatazama huku na huku, kisha akaonyesha lundo la paipu za kahawia. "Kama ile."

Sijawahi kumwona mzee akikimbia, ila siku hiyo. Tulipasua paipu katikati, tukasugua makali, tukatandika blanketi ndani, daktari akanyoosha mguu huku ndama akilia. Kwa maelekezo yake tuliacha kipande kizima cha paipu kining'inie chini ya unyayo, kitupu, ili uzito ubebwe na paipu na si mfupa. Mzee akatoboa tundu pale chini, akisema jasho lazima lipate njia. Tukafunga. Ndama akasimama, akayumba, akapiga hatua. Mchinjaji akarudisha kisu kwenye ala yake akapiga makofi.

Tukampeleka kwa mama yake. Ngamia akainamisha shingo, akamnusa mtoto kuanzia mgongoni, akashuka mpaka kwenye ile paipu, akainua kichwa ghafla na kumpiga teke.

Tulijaribu tena, teke. Tukamgeuza ndama upande wa pili, teke jingine, na hilo lilinipata mimi. Mama Talaso alipiga magoti akanusa paipu. Akamgeukia Mzee Wario.

"Wario! Umepaka nini hapa?"

Mzee akatazama mikono yake. Alikuwa ameipaka gundi. Mle kwenye maungio ya zile nusu mbili, bila kujua, alikuwa amepaka gundi na, nina hakika, ameinama akainusa akaridhika. Ngamia hakumjua mtoto anayenuka duka la vifaa vya ujenzi.

Ilibidi tukate gango lote na kuanza upya. Safari hii tulifunga kwa mipira ya tyubu ya gari, na daktari alimshika mzee mkono wa kulia muda wote. Lakini harufu ya plastiki ilikuwa bado ipo. Ndipo Mama Talaso alipotuambia tulifungue tena, akaichukua paipu yetu akaipeleka kwake, akaishika juu ya moshi wa ule ule mti anaofukizia vyombo vya maziwa. Mzee Wario alikuwa akizunguka akisema, "Itayeyuka! Mama, hiyo itayeyuka!" Haikuyeyuka. Ilirudi inanukia kama kibuyu cha maziwa, ikafungwa, na ngamia akainama akanusa. Akanusa tena. Kisha akatulia, akapanua miguu ya nyuma, na maziwa yakashuka. Mama Talaso alianza kukamua huku machozi yanamtoka, na mzee akajifanya anatafuta msumeno.

Upepo wa mchana ulipoanza, ndama akapiga mluzi. Kila hatua, ile paipu ya chini ilitoa sauti nene ya huzuni. Karimi, aliyekuwa ameniletea chakula, alishika kiuno.

"Mutethia, mbona hii ndama inalia kama kitanda yetu?"

Nilimwambia ni kipande cha paipu ile ile. Tulicheka, tukasahau.

Wateja nao wakaleta yao. Habari zilienea sokoni kwamba kuna maziwa yanayotoka kwa ngamia mwenye mguu wa choo, na mtungi wa Mama Talaso ukawa unarudi nyumbani umejaa. Kumweleza mtu kwamba paipu haigusi maziwa hakukusaidia. Kupaka rangi hatukuweza, kwa sababu ya harufu. Mwishowe nilitoa soksi ndefu ya timu yetu ya mpira ya karakana, nyekundu yenye mistari myeupe, ikakatwa chini ili tundu libaki wazi, ikafukizwa moshi nayo, akavishwa ndama mpaka gotini. Baada ya siku chache tu watu wakawa wanauliza, "Iko ile maziwa ya mchezaji?" Maziwa ni yale yale na paipu ni ile ile. Mimi nilikubali kwamba sitawaelewa wanadamu, nikarudi kwenye mabomba.

Mfupa uliposhika, Daktari Nkatha alifungua gango na ndama akatembea kimya. Jioni hiyo hiyo mama yake akakataa kuachilia maziwa. Alimnusa mtoto, akamtambua, lakini alisimama tu akitazama kule alikozoea mluzi utokee. Tulikuwa tumemfunza ngamia kazi bila kukusudia. Mzee Wario akakikata kile kipande cha chini chenye tundu, akakitia kamba, akamvika ndama shingoni. Upepo ukavuma, mluzi ukalia, maziwa yakashuka. Siku zisizo na upepo Mama Talaso alikipuliza mwenyewe.

Mzee Wario alistaafu, na baada ya muda akatangulia mbele ya haki. Tulimzika mchana wa upepo mkali, na zile rafu za viatu msikitini zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Nililia na mimi, sioni haya kuandika. Niliendelea na kazi, nikaenda kupeleka maji Sericho nikafika nikakuta mkebe mzima wa nipo umebaki Isiolo, nikafundisha wengine wenu, na hatimaye mwezi uliopita mkaniaga. Mlinipa kibao kizuri cha mbao chenye jina langu. Kwamba limeandikwa Mutethya nimelisamehe.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu nilikuwa nimepanga kulala. Karimi akaniamsha akasema kuna ngamia kwenye geti.

Alikuwa Mama Talaso, mzee sasa, amefika na yule ndama wetu, ambaye sasa ni ngamia mkubwa na amezaa tena. Mtoto alikuwa amesimama nyuma, miguu inatetemeka, mbavu zinahesabika.

"Nimeenda ofisi kukutafuta," akasema. "Askari ya geti ananiambia Nipo hayuko, Nipo amestaafu. Nikamuuliza, amestaafu kwa nani? Kwa ngamia yangu hajastaafu."

Akafungua leso. Ndani kulikuwa na kile kipande cha paipu, kimepasuka vipande vipande. Jua la hapa linaikausha plastiki mpaka inakuwa kama biskuti. Yule ngamia alikuwa amenyonya utoto wake wote chini ya mluzi, na bila mluzi hakujua kwamba maziwa ni kitu cha kutolewa. Alikuwa akimpiga teke mtoto wake tangu azaliwe.

"Hii mtoto hafiki kesho," akasema Mama Talaso. "Na huyu ndiye ngamia yangu ya maziwa. Ile kubwa imezeeka. Fanya ile sauti, Nipo."

Nilikata vipande kutoka kila paipu iliyokuwa uani kwangu. Cha kwanza kililia kama filimbi ya refa, na ngamia akakimbilia barabarani tukamkimbiza tukamrudisha. Cha pili kilikohoa. Cha tatu kilimfanya jirani atoke kuuliza nani amefariki. Paipu za siku hizi ni nyembamba ukuta, hazina ile sauti nene. Nilitamani Mzee Wario angekuwepo hata atukane tu. Mtoto alikuwa ameanza kulala chini, na Mama Talaso alikuwa amepakata kichwa chake kama siku ile ya mtaro.

Ndipo upepo ukaingia dirishani mwetu. Ndani ya nyumba, kwa unyonge, mguu wa nne wa kitanda ukapiga mluzi.

Ngamia akageuza shingo. Akaja moja kwa moja mpaka dirishani, akaingiza kichwa chumbani kwetu na pazia juu yake. Nilimtazama Karimi. Karimi alinitazama mimi, kisha akatazama msumeno mkononi mwangu.

"Kata," akasema. "Lakini ukimaliza utaniambia nitalala wapi."

Niliingia uvunguni nikaukata mguu, nikauzungusha kama nilivyofundishwa ili mdomo usiende upogo. Mama Talaso aliwasha kijinga cha mti wake ule akaufukiza moshi pale pale uani. Mkono wangu wa kulia ulitaka gundi, nikauweka mfukoni. Nikapuliza. Ngamia akasimama, akapanua miguu, akainamisha shingo mpaka kwa mtoto na kumnusa kwa muda mrefu. Tulimwinua yule mdogo, Karimi mbele, Mama Talaso nyuma, tukamsogeza. Alitafuta, akakosa, akapata. Maziwa yalishuka kwa wingi mpaka yakamwagikia viatu vyangu vya kustaafia.

Mama Talaso aliondoka na mguu wa kitanda changu shingoni mwa ndama. Mahali pake pale chini nimeweka matofali mawili, juu yake kile kibao chenu, ambacho unene wake unakaribia kutosha. Si kabisa, ndiyo maana nimeinama.

Sasa kila asubuhi kabla hatujaamka tunausikia mluzi ukija barabarani, halafu mtungi unawekwa getini, halafu sauti ile ile.

"Hodi! Nipo yuko?"

Karimi ananisukuma kwa kiwiko, nami nabingirika upande wa dirisha.

"Nipo," najibu.